Koki ya Nne Imefungwa

KITUO CHA POLISI, CHUMBA CHA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Kazini anaitwa Mama Nyuzi.
Jinsia na umri: mwanamke, miaka 38
Kazi: mtunza daftari la vipimo, kituo cha umeme wa bahari
Makazi: nyumba za wafanyakazi, mlango wa tisa, nyuma ya tangi la maji
Uhusiano na mtuhumiwa: shemeji
Yameandikwa: Jumamosi tarehe 15, kuanzia saa nne asubuhi

Mimi ni mtu mzima, akili zangu ni timamu, na nimekuja kituoni kwa miguu yangu mwenyewe. Nimeonywa kwamba nikidanganya nitashtakiwa. Nimefurahi kuonywa, kwa sababu sijui kama meneja wetu naye alionywa alipokuja hapa Jumatano. Sajenti ameniambia niseme niliyoyaona na niliyoyasikia, maoni yangu nibaki nayo. Nitajitahidi.

Kuhusu undugu sifichi kitu. Fundi mkuu wa mabomba, mnayemshikilia kwenye mahabusu namba mbili, ni mume wa dada yangu mkubwa. Kazini wanamwita Fundi Baridi, kwa sababu ndiye aliyelaza bomba la maji baridi, na kwa sababu katika miaka sita hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Atakayesema nimekuja kumtetea ndugu, aseme. Damu ni nzito kuliko maji, lakini shemeji si damu, na kipimajoto hakijui nani kamuoa nani.

Kwenye karatasi niliyoonyeshwa hapa mezani pameandikwa "kiwanda cha gesi". Naomba pafutwe. Sisi tunazalisha umeme kwa tofauti ya joto la bahari. Maji ya juu yanapigwa na jua, yana nyuzi ishirini na nane. Maji ya chini, kilomita nzima kwenda chini, hayajawahi kuliona jua tangu dunia iumbwe, na yana nyuzi sita. Tunayavuta yote mawili. Katikati yake tuna amonia, ambayo inachemka upesi hata kwa maji ambayo wewe ukiogea utasema ni vuguvugu tu. Maji ya juu yanaichemsha, mvuke wake unazungusha turbini, turbini inatoa umeme. Maji ya chini yanaupoza mvuke, unarudi kuwa majimaji, unaingia tangini, safari inaanza tena. Hatuchomi kuni wala mafuta. Dada yangu husema mumewe na mimi tunapika bila kuwasha moto, ndiyo maana hatushibi.

Kazi yangu ni kusoma vipimajoto ishirini na viwili kila saa na kuviandika daftarini. Ndiyo asili ya jina langu, ni nyuzi za joto. Mpaka leo kuna majirani wanaoniletea suruali niwapunguzie.

Sasa namwomba Sajenti aandike neno hili polepole: kufunga. Kwa fundi, kufunga ni kuweka kitu mahali pake na kukikaza. Anafunga pampu, anafunga mita, anafunga koki mpya. Kwa mtu mwingine, na hata kwa fundi huyo huyo akiwa na jambo jingine kichwani, kufunga koki ni kuizuia isipitishe. Kwa hiyo mtu akikuambia "koki imefungwa", inaweza kuwa imebanwa haitoi hata tone, au imepachikwa vizuri kabisa na iko wazi mdomo wote.

Mwaka wa kwanza wa kituo, fundi wa asubuhi aliandika "koki ya pili imefungwa", yaani ameipachika. Fundi wa mchana akasoma, akaelewa imezuiwa, akafungua bomba la mbele yake. Maji ya nyuzi sita yalitujaa mpaka magotini. Mtunza stoo alipanda juu ya meza akakataa kushuka mpaka jioni, na sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Fundi Baridi hakucheka. Alisema, "Leo ni maji. Siku ikiwa amonia mtamcheka nani?"

Kesho yake akaweka utaratibu. Daftarini ni marufuku kuandika "imefungwa". Ikiwekwa mpya, andika "imepachikwa". Ikizuiwa, andika "imezibwa". Na koki yoyote iliyozibwa ipigwe fundo la kitambaa chekundu kwenye gurudumu lake, na aliyepiga fundo ndiye pekee anayeruhusiwa kulifungua. Vitambaa nilivitoa mimi. Nilikata gauni langu jekundu, ambalo dada yangu alikuwa ameniambia waziwazi kwamba limenikataa tangu mtoto wa pili. Kwa miaka mitano gauni lile lililinda watu wengi kuliko lilivyowahi kunipendeza.

Mnamo Jumanne tarehe 11, saa mbili na nusu asubuhi, meneja aliingia kwenye ukumbi wa mitambo akiwa na simu yake ya kupigia picha. Meneja huyu ana miezi minne kituoni. Wafanyakazi wanamwita Tabasamu, kwa sababu ndilo neno analotuambia kila siku akiinua ile simu. Sajenti ameniambia majina ya utani ya viongozi hayahitajiki. Nimesikia.

Meneja alitutangazia kwamba Alhamisi wanakuja wageni kutoka makao makuu, nao ndio watakaoamua kama kituo kitapanuliwa au kitaachwa. Kisha akasimama mbele ya koki ya saba akakishika kitambaa kwa vidole viwili.

Akasema, "Hapa ni kituo cha umeme au kamba ya kuanikia nepi?"

Fundi Baridi akajibu, "Mkuu, hivyo ndivyo vinavyotuambia koki gani imezibwa."

"Si mna daftari?"

"Tunalo. Lakini daftari liko mezani, koki iko huku."

"Wageni hawasafiri kuja kuangalia matambara, Fundi. Yatoke."

Kufikia saa nne vitambaa vyote kumi na kimoja vilikuwa vimetolewa. Aliyeamriwa kuvitoa ni mama wa usafi, ambaye alifanya kazi hiyo huku akiniangalia mimi kama mtu anayeomba radhi msibani. Nilivitoa kwenye pipa la taka, nikavifua, nikavitia mkobani. Mchana wakati wa kula nilimpa shemeji kimoja nikamwambia, "Kaa nacho, huwezi kujua." Akakikunja akakitia mfuko wa kifuani.

Nataka hili lieleweke. Kitambaa kikiwepo kilisema: imezibwa. Kisipokuwepo nacho kilisema: iko wazi, jihadhari. Vilipoondolewa vyote, koki zote zikawa bubu.

Mnamo Jumatano tarehe 12, saa moja asubuhi, Fundi Baridi alipelekwa kwenye nyumba ya pampu ufukweni, kama mita mia nne kutoka ukumbini. Pampu ya maji baridi ilikuwa inakoroma, na meneja alimwamuru asibanduke hapo mpaka iache. Mimi nilikuwa mezani kwangu, karibu na mlango wa ukumbi, ambapo daftari hukaa.

Saa tatu alifika fundi wa kukodiwa kuweka koki mpya ya nne. Koki hiyo iko kwenye bomba linalotoka tangi la amonia kwenda kwenye chujio. Ni mtu mpole, alikuja na spana zake amezifunika kwa taulo, akatusalimia mmoja mmoja. Mdomo wa tangi ulizibwa kwanza ili bomba liwe tupu. Hilo lilifanyika vizuri, sina neno nalo.

Saa nne kasoro dakika tano alimaliza. Injinia msaidizi alikuwa amesimama mlangoni, hatua sita kutoka mezani kwangu. Nilimsikia yule fundi akimwambia, "Bosi, koki nimeshaifunga." Injinia akasema, "Safi." Fundi akaenda kunywa chai. Injinia akaja mezani, nikampisha nikasome vipimajoto vya saa nne, na niliporudi nikakuta ameandika daftarini: "Koki Na. 4 imefungwa." Na sahihi yake.

Nikamuuliza, "Bwana injinia, imefungwa ipi?"

Akasema, "Imefungwa ni imefungwa, dada. Mwenyewe kasema kaifunga."

"Kaipachika au kaiziba?"

Akanitazama akacheka. Akasema, "Mimi nimesoma uinjinia miaka mitano, hakuna aliyenifundisha lugha yenu ya matambara." Akaondoka. Baadaye, kama saa nne na nusu, nilimwona akiufungua mdomo wa tangi. Alimwambia mama wa usafi anaiandaa mitambo mapema ili kesho wasihangaike.

Kabla ya hapo, saa nne na robo, nilikuwa nimekwenda ofisini kwa meneja. Nilimwambia sielewi koki ya nne iko katika hali gani na ninaomba Fundi Baridi aitwe aje aitazame. Alikuwa anachagua picha za kubandika ukutani. Alisema, "Mama, msiniletee sarufi, nina wageni. Na Baridi asisumbuliwe, ile pampu ikikoroma kesho tutaaibika." Nikarudi. Nikachukua penseli nikaweka alama ya kuuliza kubwa kando ya neno "imefungwa", na herufi ya kwanza ya jina langu chini yake.

Nikiulizwa kwa nini nilitumia penseli na siyo wino, najibu kwamba sijui. Nadhani niliogopa. Wino ungekuwa kama kumtukana injinia kwenye daftari lake. Tangu Jumatano sijalala vizuri kwa sababu ya penseli ile.

Na kuna jambo jingine ambalo silisemi kwa kupenda. Saa tano kamili nilizunguka tena kusoma vipimajoto. Kipimajoto namba kumi na saba kipo kwenye bomba, mbele ya koki ya nne, kabla ya chujio. Saa nne kilikuwa kimesoma nyuzi ishirini na tisa, yaani bomba tupu lenye joto la chumba. Saa tano kilisoma kumi na mbili. Amonia yetu inatoka kupozwa, ni ya baridi. Bomba likiwa na nyuzi kumi na mbili na linatoka jasho kama chupa ya soda, maana yake imo ndani. Maana yake koki iko wazi. Niliandika kumi na mbili, nikaenda kwenye kipimajoto cha kumi na nane. Miaka sita naandika namba, na siku ile moja niliyotakiwa kuisoma, niliiandika tu. Sajenti ameniuliza kama naelewa kwamba maneno haya yanaweza kunigeukia. Naelewa. Yaandikwe.

Saa tano na nusu meneja alipita ukumbini akasema ananusa harufu kwenye chujio, na wageni hawawezi kupokelewa na harufu. Akamwambia injinia mpira wa chujio ubadilishwe sasa hivi. Injinia akamwita fundi wa kukodiwa kutoka kwenye chai yake. Nilimsikia fundi akiuliza, "Koki ya nne ikoje?" Injinia akaja mezani kwangu, akalifungua daftari, akaweka kidole kwenye maandishi yake mwenyewe, kando kabisa ya alama yangu ya kuuliza, akageuka akasema, "Imefungwa. Fungua chujio."

Hapo ndipo ninapopata hasira kila nikikumbuka. Yule fundi alikuwa amesema neno lile akiwa na maana ameipachika. Injinia akaliandika akiwa na maana imezibwa. Sasa neno likamrudia mwenyewe kutoka daftarini, na yeye akaamini kwamba wakati anakunywa chai kuna mtu aliyeiziba. Kila mmoja alimwamini mwenzake. Kwenye gurudumu hapakuwa na kitambaa cha kuwasuta.

Nilisema kwa sauti, "Bwana injinia, hiyo alama ni yangu." Alikuwa ameshatoka nje kupokea simu. Nikampigia Fundi Baridi kwa simu ya ukutani. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na sita, niliangalia saa. Nilimwambia wanafungua chujio na koki ya nne imeandikwa imefungwa. Aliuliza kitu kimoja tu, "Nani kaiziba?" Nikasema sijui. Hakukata simu. Niliisikia ikigonga ukuta, kisha miguu yake.

Nilikimbilia ndani nikapiga kelele fundi aache. Alikuwa ameshalegeza bolti ya tatu. Sikufika. Mlio ulikuwa kama wa sufuria ya presha iliyosahauliwa jikoni, na moshi mweupe ukaanguka chini badala ya kupanda. Macho yaliniwaka, koo likabana, nikarudi nyuma na mama wa usafi akanivuta kwa mkono. Tukatoka nje tukasimama kwenye dirisha la kioo la upande wa maji ya vuguvugu.

Fundi Baridi alifika akikimbia. Hakumuuliza mtu chochote. Alivua koti lake la kazi, akalichovya kwenye mfereji wa maji yanayotoka, akajifunika uso akaingia. Nilimwona kupitia kioo. Alikwenda moja kwa moja kwenye koki ya nne, akashika gurudumu kwa mikono mitupu, akazungusha kulia. Narudia, kulia. Anayefungua huzungusha kushoto, hilo hata mtoto anayechota maji bombani analijua. Nilihesabu mizunguko sita. Kisha akamburuta yule fundi kwa kwapa mpaka nje kwenye majani, mama wa usafi akaanza kummwagia maji machoni.

Halafu shemeji akarudi ndani.

Nikamwita, "Shemeji, unafuata nini?" Nilipotazama kwenye kioo nilimwona amesimama mbele ya koki, anapiga fundo. Vidole vilikuwa havimtii tena. Amonia ile ikitoka kwa nguvu ni baridi inayounguza kama pasi, na gurudumu lilikuwa limeganda. Alishika kitambaa kwa meno upande mmoja. Kila aliyekuwa nje alidhani amechanganyikiwa. Mimi nilijua anachofanya. Alikuwa anamlinda mtu wa pili atakayeingia asije akaifungua tena kwa neno la mtu.

Alitoka saa tano na dakika arobaini na nane akiwa haoni vizuri. Nilimletea ndoo ya maji akatumbukiza mikono.

Meneja na injinia walifika kutoka ofisini kama dakika tatu baadaye, moshi ulipopungua. Mbele yao kulikuwa na mtu amelala kwenye majani hawezi kufumbua macho, na mwingine mikono yake iko ndooni. Meneja alichungulia dirishani. Neno lake la kwanza, nililisikia kwa masikio yangu na mama wa usafi alilisikia, lilikuwa hili: "Nani kaweka hilo tambara?"

Shemeji akasema, "Mimi, mkuu."

Meneja akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyeichezea koki."

Polisi walifika saa sita na nusu. Meneja aliwaonyesha daftari, "koki imefungwa" kwa maandishi ya injinia. Akawaonyesha kitambaa. Akawaambia koki ilikuwa salama mpaka mtu huyu alipoacha kituo chake cha kazi, akaja kuigusa bila ruhusa kwa sababu ya kinyongo cha vitambaa. Aliyekutwa amelowa ndiye aliyeleta mvua. Walimtia garini na ndoo ikabaki pale chini, maji yakiwa bado yanacheza. Asante ya punda ni mateke, nimelisikia neno hilo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona mateke yanayovalisha pingu juu ya vidonda.

Nikiulizwa kama mtuhumiwa alikuwa amelewa, kama ilivyoandikwa na ofisi, najibu kwamba mtu huyo hata soda anaogopa. Muulizeni dada yangu: siku ya harusi yao aliyamwaga maji ya machungwa kwa sababu tu yalikuwa yamechacha.

Mnamo Alhamisi tarehe 13, saa mbili asubuhi, niliitwa ofisini nikapewa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, yenye jina langu chini. Ilisema mimi niliiona koki ya nne ikiwa imefungwa, na baadaye nikamwona Fundi Baridi akiifungua. Meneja aliniambia nikitia sahihi nitapandishwa kuwa msimamizi wa vipimo, na nisipotia, kituo kitamtafuta mtu mwenye ushirikiano. Nilimuuliza, "Imefungwa ipi?" Aligonga meza. Nikatoka.

Nilipokwenda kwenye daftari nikakuta alama yangu ya kuuliza imefutwa kwa raba. Walifuta vizuri, lakini mimi nikiandika nakandamiza, ukilaza ukurasa kwenye mwanga utaiona imechimbika, na herufi yangu chini yake. Ila namba hawakuzigusa. Kumi na saba, saa tano, nyuzi kumi na mbili. Ipo pale kwa wino. Dakika arobaini nzima kabla Fundi Baridi hajakanyaga ukumbini, bomba lilikuwa limeshajaa. Walihangaika na alama ya kuuliza wakaliacha jibu, kwa sababu hakuna hata mmoja wao anayejua kusoma nyuzi.

Mnamo Ijumaa tarehe 14, wageni walikuja, wakiwa wamechelewa siku moja. Mitambo ilikuwa imezimwa tangu Jumatano. Lakini taa za ukumbini zilikuwa zinawaka zote, na feni, na lile bango lenye vimulimuli. Nyuma ya stoo waliweka jenereta la dizeli wakalifunika kwa magodoro ya zamani lisisikike. Meneja akawaambia wageni kwamba mwanga wanaouona ni zawadi ya bahari. Wakapiga makofi. Mmoja aliuliza kuhusu ajali aliyoisikia, akajibiwa kwamba ilikuwa uzembe wa mfanyakazi mmoja ambaye tayari yuko mikononi mwa vyombo vya sheria. Huyo mfanyakazi ndiye aliyelaza bomba la kilomita nzima mpaka kwenye giza la maji, na siku ile wageni wakapigwa picha wamelishika.

Yule fundi wa kukodiwa yuko hospitali. Koo limeungua hawezi kusema, na jicho la kushoto madaktari hawajaahidi kitu. Ningependa asikie kwamba hakukosea. Injinia haongei bila meneja kuwepo. Mama wa usafi yuko tayari kuja Jumatatu, ameniambia niseme hivyo. Mimi ndiye niliyebaki wa kusema leo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Dada yangu yuko nje kwenye benchi tangu asubuhi, ana shati safi la mumewe kwenye mfuko. Kila mlango ukifunguliwa ananiuliza kwa macho, na nilipokuwa naingia alinishika mkono akauliza kwa mdomo, "Kwani atafungwa?" Sikujua nicheke au nilie. Miaka mitano mume wake amehangaika kulitoa neno hilo kwenye daftari letu, na sasa linamsubiri kwenye daftari lenu.

Ninakabidhi vitambaa vyekundu kumi nilivyovitoa pipani. Cha kumi na moja kiko kwenye koki ya nne, na aliyepiga fundo yupo kwenu. Mpaka atoke, hakuna mwenye haki ya kulifungua.

Nimesomewa yote niliyosema. Mahali patatu Sajenti alikuwa ameandika kwamba Fundi Baridi "aliifunga" koki. Nimemwomba aandike "aliiziba". Akasema si ni kitu kile kile. Nikamwambia ndivyo alivyosema injinia. Amefuta, ameandika upya, na tumetia sahihi pembeni sote wawili kwa wino.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na yale machache niliyokatazwa kuyasema.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya mimi, Sajenti wa zamu, kwa mkono wangu. Shahidi alilia mara moja, kwenye suala la kipimajoto. Alikataa maji.

Saa nane mchana nilifika kituo cha umeme na kuchukua daftari. Ukurasa wa tarehe 12 ulilazwa kwenye mwanga mbele ya mashahidi wawili: alama ya kuuliza inaonekana. Kipimajoto Na. 17, saa tano: 12. Meneja alipotakiwa kueleza namba hiyo alisema si fani yake. Kitambaa kwenye koki ya nne hakikuguswa. Jenereta lilikutwa nyuma ya stoo, chini ya magodoro manne.

Saa kumi na moja jioni mtuhumiwa ametolewa kwa dhamana na kukabidhiwa kwa mkewe. Mikono yake ina vidonda, hawezi kushika kalamu. Mkewe ametia sahihi kwa niaba yake baada ya kumvalisha shati. Meneja na injinia msaidizi wametakiwa kufika Jumatatu saa mbili asubuhi.

Jalada halijafungwa. Yaani: liko wazi.